Kuni zinatoa povu na kioo cha jiko ni cheusi tii: tufanyeje kabla ya baridi kuanza?

Mkaaji wa Lewiston

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi na familia yangu tunaishi Lewiston, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na majira ya baridi yanayokuja yatakuwa ya pili kwetu. Tumepanga nyumba ya mbao ya zamani, yenye boila ya mafuta ya kupasha nyumba joto chini ya nyumba na jiko la kuni la chuma sebuleni, ambalo mwenye nyumba ametuandikia ruhusa ya kulitumia. Mimi ni mzaliwa wa Makete, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani, na kwa kuwa nimeota moto tangu utotoni, niliamini kwamba kuni nazifahamu. Mwaka jana niligundua kuwa moto wa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa pande zote ni elimu nyingine kabisa.

Mwezi wa Oktoba nilinunua kordi mbili. Kwa wasioijua, kordi ni kipimo cha kuni cha huku, yaani rundo lililopangwa vizuri lenye urefu wa mita 2.4, kimo cha mita 1.2 na upana wa mita 1.2. Muuzaji alinihakikishia kwamba kuni zake ni kavu, akazimwaga uani kwa lori na kuondoka. Nilipoziwasha zilifoka, povu jeupe likachuruzika kwenye ncha za vipande kama uji unaotaka kufurika, na kabla wiki haijaisha kioo cha mlango wa jiko kilikuwa cheusi tii. Boila iliendelea kula mafuta kana kwamba jiko halipo. Usiku mmoja wa Januari, nje kukiwa nyuzi 22 chini ya sifuri, tulilala watano chumba kimoja, mimi nikiwa nimevaa koti.

Naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, mtu atajuaje kwa hakika kwamba kuni zimekauka, na je, nikinunua sasa mwezi huu wa Septemba zitafaa mwaka huu? Pili, je, ni sahihi kuufunga mlango wa hewa wa jiko usiku ili moto ukae hadi asubuhi? Tatu, mama yangu mzazi amekuja kukaa nasi tangu Julai, naye anauliza kwa nini umeme ukikatika tusiweke jiko la mkaa katikati ya chumba, kama alivyofanya miaka yote nyumbani. Swali lake lina msingi, kwa sababu boila haiwaki bila umeme, na mwaka jana tulikaa siku mbili gizani baada ya mvua ya barafu. Nimesita kumjibu kwa kuwa sitaki kumjibu mama yangu jambo nisilokuwa na uhakika nalo.

Mpasua kuni wa Trondheim

Ndugu yangu, pole kwa baridi iliyopita. Nimeishi Norwei miaka 19 na kila mwaka napasua kuni zangu mwenyewe, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu juu ya maswali yako mawili ya kwanza. La tatu nawaachia wenye taaluma ya afya.

Povu uliloliona ni maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Chukua kilo 1,000 za mti mbichi: ndani yake mna kilo 500 hivi za maji, na ili zifikie hali ya kuwaka vizuri, ambapo maji yamebaki moja ya tano ya uzito, ni lazima zipoteze takribani lita 375. Hizo ni karibu ndoo 19 za lita 20. Maji hayo yasipoondolewa na upepo na jua, yataondolewa na moto ndani ya jiko lako, na joto lililokusudiwa kuwapasha watoto litatumika kuchemsha maji na kuyapeleka nje kwa njia ya dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Ndiyo maana jiko lilikuwa linawaka na nyumba ikabaki baridi.

Kuhusu kupima, nunua kipima unyevu, kifaa kidogo chenye sindano mbili ambacho hakina bei kubwa. Wengi hukosea kwa kuchoma sindano kwenye ncha ya kipande au kwenye uso wake wa nje, ambako hukauka mapema, wakapata namba ya kufurahisha isiyo ya kweli. Chukua kipande kutoka katikati ya rundo, kipasue upya, kisha choma sindano katikati ya uso uliofunguka sasa hivi. Ikisoma chini ya asilimia 20, kuni zinafaa. Ikisoma 30, usijidanganye. Ukiwa huna kifaa, gonganisha vipande viwili: kuni kavu hulia kwa sauti kali kama ya marimba, mbichi hutoa mdundo uliokufa. Mama yako bila shaka anaijua sauti hiyo kuliko sisi sote.

Sasa, je, kuni za Septemba zitafaa Januari? Inategemea mti. Mwaloni ni mti mzuri wenye joto la kudumu, lakini huhitaji mwaka mmoja hadi miwili baada ya kupasuliwa, na muuzaji akikwambia mwaloni uliokatwa masika haya umekauka, usimwamini. Mbetula, ule mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi, hukauka katika kiangazi kimoja ukipasuliwa mapema. Usipopasuliwa huoza ndani ya gome lake, kwa sababu gome lile halipitishi maji. Misonobari na jamaa zake hukauka haraka zaidi. Watu husema msonobari ni kuni dhaifu, lakini kilo moja ya msonobari mkavu hutoa joto linalokaribiana na la kilo moja ya mwaloni mkavu, takribani uniti 4 za umeme kwa hesabu. Tofauti ni kwamba mwaloni ni mzito, hivyo kipande cha ukubwa uleule kina kilo nyingi zaidi na utaamka mara chache kuongeza.

Hapa kwetu watu hukata na kupasua mwishoni mwa majira ya baridi, kabla majani hayajachipua, ili kuni zipate upepo wa masika na jua la kiangazi kizima. Wewe umechelewa kwa mwaka huu, lakini hujakwama. Nunua kordi za mwaka ujao sasa hivi, uzipange juu ya mapaleti zisiguse ardhi, ufunike juu tu kwa bati na kuacha ubavuni wazi. Anayelivika rundo turubai lote hadi chini huwa anapika unyevu na kuotesha ukungu. Kwa mwaka huu tafuta kuni zilizokaushwa kwenye tanuri, au matofali ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambayo unyevu wake huwa chini ya asilimia 10. Unaweza kuchoma tofali moja pamoja na vipande viwili vya zile kuni zako za mwaka jana ambazo sasa zimekaa mwaka mzima. Fuata maelezo ya mtengenezaji wa jiko, kwa kuwa matofali hayo huwaka kwa nguvu na jiko likijazwa hupata joto kupita kiasi.

Jifunze pia kuwasha kutoka juu. Weka vipande vinene chini, vyembamba juu yake, kisha vibanzi, na kiberiti kiwashwe kileleni huku mlango wa hewa ukiwa wazi kabisa. Moshi unaotoka chini hulazimika kupita katika miali ya moto na kuungua, badala ya kupanda dohani ukiwa mzima. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliona kioo kinabaki safi tangu jioni hadi asubuhi, na mpaka leo sijarudi kuwasha kwa njia nyingine.

Mhamiaji wa Calgary

Samahani kwa kuingilia kati. Mimi huufunga kabisa mlango wa hewa saa nne usiku, na asubuhi nakuta makaa bado mekundu. Nimefanya hivyo miaka sita na sijapata madhara yoyote, na naona ni njia ya kubana matumizi kwa mtu mwenye watoto, kwa hiyo nisingependa ndugu yetu atishwe bila sababu.

Mpasua kuni wa Trondheim

Ndugu wa Calgary, nakushukuru kwa uwazi wako, ila katika hili siwezi kukubaliana nawe, na naomba unisikilize kwa sababu nakuhofia. Moto ukinyimwa hewa hauzimi, unafukuta. Kuni zinazofukuta hutoa moshi mzito ambao haukuungua, na moshi huo ukipoa ndani ya dohani, chini ya nyuzi 120 hivi, huganda ukutani kuwa kreosoti, yaani lami nyeusi inayonata na baadaye kung'aa kama vanishi. Kreosoti ni fueli. Siku moja utawasha moto mkali wa asubuhi, cheche ipande, na dohani yenyewe iwake kwa joto linaloweza kupita nyuzi 1,000, kukiwa na mngurumo kama wa ndege inayoruka. Miaka sita bila madhara inaweza kuwa na maana ya miaka sita ya lami iliyolimbikana. Tafadhali mwite fundi asafishe na kukagua kabla hujawasha tena.

Njia salama ya usiku ni hii: saa moja kabla ya kulala, vuta makaa mbele, weka vipande viwili au vitatu vinene na vikavu, uache hewa wazi mpaka vishike moto pande zote, kisha punguza hewa kidogo kidogo huku ukitazama miali. Miali ikitoweka na moshi kubaki, umezidisha, rudisha. Asubuhi utakuta makaa machache ndani ya majivu, nayo yanatosha kuwashia vibanzi.

Majivu nayo yasitiwe kwenye ndoo ya plastiki wala mfuko wa karatasi. Kaa moja linaweza kukaa hai ndani ya majivu kwa siku kadhaa. Tumia ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje, mbali na ukuta wa mbao.

Muuguzi wa Minnesota

Shikamoo kwa mama, kwanza kabisa. Kaka, mwambie mama jibu kwa upendo lakini bila kuyumba: jiko la mkaa halitawashwa ndani ya nyumba hiyo hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi.

Mama hakosei kuhusu nyumbani. Jikoni pa zamani kule milimani palikuwa nyumba ya pekee uani, yenye mianya kati ya ukuta na paa, na moshi ulipita kwenye nyasi za paa. Nyumba za huku zimezibwa ili joto lisitoke, na kisichoweza kutoka ni pamoja na hewa chafu. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu hudhani umekuwa salama, kumbe bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, rangi wala ladha. Gesi hiyo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo, hivyo mtu hukosa hewa huku akipumua kama kawaida. Huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, anafikiri ni mafua au uchovu, analala. Nimewahi kumpokea mama mjamzito pamoja na watoto wake wawili waliolala karibu na jiko la kuchomea nyama lililoingizwa ndani baada ya umeme kukatika. Walipona. Mtoto wa miaka minne aliniuliza kwa nini alikuwa anaota kwamba anazama majini, na sauti yake bado ninayo masikioni.

Weka king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, kwa sababu hata jiko zuri la kuni lililoziba dohani huweza kurudisha gesi hiyo ndani. Kikilia, wote mtoke nje kwa nguo mlizovaa, kisha mpige 911, namba ya dharura. Jenereta pia isiwekwe chini ya nyumba wala ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Katika dhoruba ya barafu ya Januari 1998, ambayo iliikumba sana Maine na kuacha watu wengi bila umeme kwa siku nyingi, hospitali zilipokea watu wengi waliodhurika kwa jenereta za namna hiyo.

Habari njema ya kumpa mama ni kwamba jiko lenu la kuni halihitaji umeme. Umeme ukikatika, hilo ndilo litakalowasitiri, na yeye ndiye mwenye mkono wa kulitunza.

Fundi wa kuziba nyumba, Portland

Jirani, tuko jimbo moja. Mimi nilitoka Bukavu na kazi yangu ni kuziba nyumba zinazovuja joto. Wenzangu wamesema vema juu ya moto. Mimi nasema kwamba kuongeza kuni katika nyumba inayovuja ni kuteka maji kwa pakacha.

Subiri siku yenye upepo, zima boila, funga madirisha yote, kisha chukua kijiti cha udi au chetezo chenye ubani, upite nacho taratibu kando ya kila dirisha, kila mlango, chini ya sinki ambako bomba la maji hupenya ukuta, kwenye soketi za umeme za kuta za nje, na kuzunguka kifuniko cha kupandia darini. Pale moshi unaponyooka juu, ni salama. Pale unapolala ubavu au kukatika ghafla, hapo ndipo fedha zako zinapotokea. Tia alama kwa kipande cha utepe. Nyufa zisizosogea zizibe kwa silikoni, milango iwekee ukanda wa sponji na brashi ya chini, na madirisha ya zamani yabandike ile karatasi ya plastiki inayokazwa kwa hewa moto ya kikaushia nywele. Kazi hiyo ni ya Jumamosi mbili, na kwa nyumba za zamani naiona inaleta faida ya haraka kuliko nyingine zote. Ila jiko la kuni nalo linavuta hewa; likianza kurudisha moshi sebuleni baada ya kuziba, fungua kidogo dirisha la karibu wakati wa kuwasha.

Kisha zungumza na mwenye nyumba kuhusu dari. Joto hupanda, na nyumba nyingi za umri huo zina pamba ya kuzuia joto kidogo sana juu. Katika baridi yetu panahitaji unene wa sentimita 35 hadi 40. Hilo ni jambo lake, si lako, lakini kuna mpango wa kuimarisha nyumba kwa familia zenye kipato kidogo, na mwenye nyumba akijua kwamba si lazima atoe gharama yote, husikiliza.

Kuhusu kordi zako mbili, hukutaja kama ulizipanga na kuzipima. Sheria ya Maine inatambua kwamba kuni fupi zilizomwagwa ovyo hujaza nafasi kubwa, kwa hiyo kordi iliyomwagwa ni futi za ujazo 180, ilhali iliyopangwa ni 128. Ukikubaliana na muuzaji, mwandikiane ni kordi ipi, na ukimaliza kuzipanga, pima kwa futi kamba. Usinunue kuni za nje ya jimbo ambazo hazikuthibitishwa kuwa zimetibiwa kwa joto. Hairuhusiwi, kwa sababu husafirisha wadudu wanaoua misitu.

Hita ndogo ya umeme ni ya kuokoa chumba kimoja tu. Inakula wati 1,500, ambayo ni uniti 15 kwa usiku wa saa 10. Iweke mita moja kutoka kwenye mapazia na matandiko, na uichomeke ukutani moja kwa moja, kamwe isiwe kwenye waya wa kuongezea. Pampu ya joto ni jambo jingine: kwa uniti moja hukusanya joto la nje na kuleta ndani thamani ya uniti mbili hadi tatu, ingawa faida hiyo hupungua baridi ikizidi. Jimbo letu liliweka mwaka 2019 lengo la pampu 100,000 kufikia 2025, likalitimiza mwaka 2023, na ruzuku zake zipo kupitia Efficiency Maine, taasisi ya jimbo ya matumizi bora ya nishati. Mwonyeshe mwenye nyumba.

La mwisho, usione haya kuomba HEAP, msaada wa kulipia joto unaosimamiwa na MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo. Hausaidii mafuta peke yake. Peleka maombi sasa, usisubiri theluji. Vilevile uliza kuhusu benki za kuni, ambako watu wa kujitolea hukausha kuni na kuwagawia waliopungukiwa.

Mkaaji wa Lewiston

Ndugu zangu, sina neno la kutosha la kuwashukuru. Nimesubiri wiki mbili ili nirudi na majibu badala ya ahadi.

Nilinunua kipima unyevu. Kipande cha juu ya rundo la mwaka jana kilisoma 17 kwenye ncha, nikafurahi. Nikakipasua kama nilivyoelekezwa, na katikati kikasoma 28. Vile vyembamba vilisoma 19. Nimevitenga, na vinene nimevipasua tena mara mbili na kuvipanga upande wa kusini ambako jua hufika. Nilipopima rundo la zamani pamoja na nilizochoma kwa makadirio, naona sikupata kordi mbili kamili, na safari hii nimeandikiana na muuzaji mwingine.

Mama nilimsomea maneno ya dada muuguzi yote, bila kuruka hata moja. Alinyamaza kitambo, kisha akataja jina la jirani yetu wa Makete aliyekutwa amefariki chumbani na jiko likiwa limezimika, akasema miaka yote walidhani ni moyo. Asubuhi yake aliliosha lile jiko la mkaa, akaliweka nje kwenye ngazi za nyuma na kupanda vitunguu ndani yake. Yeye ndiye aliyezunguka na ubani. Alama za utepe ni 23, na upepo mkubwa kuliko wote hautoki kwenye dirisha lolote, unatoka chini ya sinki la jikoni, mahali ambapo mkono wangu mzima unapenya.

Fundi wa dohani anakuja Alhamisi. Je, kuna jambo la pekee ambalo nimwombe alikague, hasa kwa kuwa nilichoma kuni mbichi kwa miezi minne?

Mpasua kuni wa Trondheim

Mwombe apitishe kamera hadi kileleni, na akuonyeshe kwa macho yako kama kuna lami inayong'aa, kwa kuwa hiyo haitoki kwa brashi ya kawaida. Akague pia kifuniko cha juu, ambacho ndicho huziba kwanza, na kamba ya kuzuia hewa inayozunguka mlango wa jiko: bana kipande cha karatasi mlangoni, ufunge, ukivute. Kikitoka bila kukwama, kamba imechakaa na ibadilishwe kabla hujawasha.